Sauti Chachu

Pembe ya nyati ikipakwa mafuta ya nazi hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine: harufu ya ngozi iliyolowa, ya moshi wa jikoni, na kidogo ya mnyama mwenyewe. Juzi mjukuu wangu aliitoa juu ya kabati, akaifuta vumbi na kuipaka mafuta ili ing'ae. Harufu iliponifikia nilimwambia airudishe upesi, naye akadhani nimekasirika. Sikukasirika, msomaji wangu. Niliona haya, na haya yenyewe ni ya mtoto wa miaka minane, ingawa leo mimi ni bibi wa kushikwa mkono nikipanda ngazi.

Nilizaliwa Langoni, Lamu, na mambo haya yalitokea miaka ya hamsini. Mama yangu, Bi Khadija, aliongoza vugo, ile ngoma ya wanawake ya arusini ambapo kila mmoja hushika pembe yake na kuigonga kwa kijiti huku wakiimba. Siku hizo vugo lilikuwa limeanza kupwaya. Wasichana waliolewa Mombasa, na wakongwe walikufa na nyimbo zao. Kisiwani Pate, Siyu walibaki na pembe nyingi na waimbaji haba. Chundwa walibaki na mwimbaji mmoja wa kutajika, Bi Esha, na karibu hapakuwa na wa kumwitikia. Mama akapata wazo ambalo wenzake waliliona la wazimu kidogo: miji mitatu iwe kikundi kimoja. Arusi ikiwa Siyu, Langoni na Chundwa waende. Ikiwa kwetu, wale waje. Alikwenda mwenyewe huko Pate kuwasemesha, kwa mashua na kwa miguu, mpaka wakakubali. Safari ya mwisho alirudi na matope ya mikoko hadi magotini, akiimba.

Arusi ya kwanza ya mapatano hayo ilikuwa ya Chundwa, ya binti wa pekee wa Bi Esha. Langoni waliahidi kupeleka waimbaji watatu.

Zikiwa zimebaki kama siku kumi, Bi Esha alikuja Lamu kununua nguo za bibi arusi, akapita kwetu. Mama alikuwa ameenda kuhani msiba. Nilikuwa peke yangu ukumbini, nikichambua mchele. Mwanamke mrefu, mweusi wa kupendeza, alisimama kizingitini akihema, na chini ya buibui amekumbatia pembe.

"Siwezi kungoya, mwanangu, mai yanapwa, mashua itakwama," alisema. "Mpe mamako pembe hii, waizoee sauti yake. Na umwambie hivi: sauti chachu hazitoshi. Nalete zengine."

Akanishika kidevu, akaondoka.

Mama alikuwa amenifunza kwamba ujumbe haupunguzwi wala hauongezwi, unafikishwa ulivyo. Nilijisifu sana kwa kazi hiyo. Nakiri pia kwamba nilifurahi moyoni, maana maneno yenyewe yalikuwa makali, na si kila siku mtoto hupewa maneno makali ya kuwafikishia watu wazima.

Alasiri ile wanawake walikusanyika uwani kwetu kufanya mazoezi. Walikuwa kumi na mmoja, wamekaa mikekani, viasumini vikinukia vichwani mwao, na pembe zikilia kwa pamoja hata kuta zikaitikia. Nilingoja wapumzike. Kisha nikasimama katikati na kusema kwa sauti ya chuo cha Kurani, "Bi Esha wa Chundwa amesema: sauti chachu hazitoshi. Mama alete zingine."

Bi Salama, mwimbaji wa pili baada ya mama, aliweka kijiti chake chini polepole. Mwezi uliotangulia sauti ilimkatika mbele ya watu, walipokutana wote Siyu kwa mazoezi, na tangu hapo alikuwa akitazama kila uso kuona nani anamsema.

"Basi swiswi tumekuwa mtindi," alisema. "Naende akatafute maziwa mabiti huko kwao."

Wengine wakamfuata kwa maneno, kila mmoja na lake. Mama alikuwa ameshika ile pembe ya Bi Esha, akaiangalia muda mrefu. Nilingoja aseme neno moja la kuwatuliza, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kawaida yake. Hakusema. Wakavaa mabuibui wakaenda zao, na safari ya Chundwa ikafa pale pale.

Siku ya nne baadaye alipita mlangoni kwetu mwanamke wa Chundwa akiuza mayai. Mama alitandaza upindo wa leso, na yule muuzaji akayaweka moja moja akihesabu: "Moya, mbili, chachu, nne..."

Tatu ya Chundwa ni chachu. Bi Esha alikuwa akiomba tu waongezwe, kwamba waimbaji watatu ni wachache. Angelisema kwa kinywa chake, uwa mzima ungemwelewa. Lakini kinywa changu kilikuwa cha Langoni, na kwetu tatu ni tatu, na chachu ni kitu kilichoharibika. Nilimtazama mama. Alifunga mayai yake bila kubadilika uso, nami nikadhani hakusikia.

Zilibaki siku sita. Kila asubuhi niliamka nikiazimia kusema, na kila asubuhi nilimwona Bi Salama akipita kwa kishindo, nikaogopa. Niliogopa kipigo, na zaidi niliogopa kuchekwa. Siku ya arusi mama alifua nguo zilizokuwa safi.

Habari zilitufikia baadaye. Vugo la Chundwa lilitoka na wanawake wanne. Bi Esha, mama wa bibi arusi, ambaye angepaswa kuketi akipokea pongezi, aliimba na kujiitikia mwenyewe mpaka sauti ikamkauka. Hakutoa lawama. Alituma mtu tu kuuliza kama Langoni kumefiwa.

Mama hakujibu. Siyu walingoja upande mmoja uite, kisha wakachoka kungoja. Miji mitatu haikuimba pamoja tena, na Bi Esha hakukanyaga kwetu hadi alipofariki.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipomwambia mama. Alikuwa mgonjwa kitandani, jua la alasiri likiingia dirishani. Nilimweleza yote nikilia: ujumbe, mayai, woga wangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Naliyua," akasema. "Naliyua maana yake papo hapo, uwani. Mamangu alikuwa mtu wa Chundwa. Udogoni nikihesabu vivyo hivyo, hata nilipokuya Langoni wakanifanyia mzaha, nikaata kunena hivyo. Na wale wenzangu wakinena tangu awali kuwa nawapendelea watu wa mamangu. Nikaona nikimtetea Esha, nimewapa la kusema."

Akaniomba ile pembe ya Bi Esha, ambayo hatukuirudisha. Nikampa, pamoja na kijiti. Aliigonga sawasawa.

"Moya," alihesabu. "Mbili. Chachu."

Miaka yote ile nilidhani siri ni yangu peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili, tukila sahani moja kila siku, na yeyote kati yetu angeweza kusema.