Mji Wenye Mtu wa Kukufunikia Chakula

Juzi, kwenye duka la picha za pasipoti hapa Ipagala, nilikaa benchi moja na muuguzi kijana na mama yake aliyetoka Bahi. Binti amepata kazi nje, na mwajiri amemwachia achague mwenyewe mji wa kuishi: Doha au Toronto.

"Toronto mshahara mzuri, mama, ila baridi kali. Doha joto, lakini ni karibu."

Mama alikuwa anakunja ncha ya khanga, anaikunjua. "Ukiwa na zamu ya mchana, unarudi nyumbani saa ngapi?"

"Sijajua bado. Kwa nini?"

"Nataka kujua ni mji gani wenye mtu wa kukufunikia chakula."

Binti akacheka. "Mama jamani, kote nitaishi peke yangu. Si kuna friji?"

"Friji haikuulizi mbona umechelewa, mwanangu."

Kicheko kikaisha. Binti alipoitwa kupigwa picha, mpiga picha alimwomba asitabasamu, ingawa hapakuwa na haja ya kumwomba.

Mimi nilipohamia mjini kikazi kutoka Kibakwe, nilichagua mtaa kwa kuangalia kodi, maji na lami, nikajiona mjanja sana. Jioni ile ya juzi, niliporudi kutoka dukani, nilifungua mlango, nikawasha taa, na kabla ya kuvua viatu nikaenda kutazama mezani kama kuna ugali uliofunikwa kwa sahani nyingine. Naishi peke yangu, najua. Lakini nilitazama.