Bijou Hakungoja Amri

Mwanangu Gisèle, kuna asubuhi moja ambayo siwezi kuisahau hata nikitaka. Tangu jana, kila nikikuona uwanjani juu ya farasi wako, inanirudia, na chai yangu imepoa mezani huku mimi nikizunguka nyumba nzima bila sababu. Keti unisikilize. Mimi nitasimama, kukaa kitako kulinishinda zamani.

Nilikuwa msichana wa mtaa wa Kamalondo, binti wa fundi wa reli, na nilikuwa na hamu moja tu: kufundisha dresaji, ule mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua za mpangilio, kwenye klabu hii, mahali ambapo watu wa kwetu walikuwa wakifagia mazizi basi. Nilitaka baba anione nimesimama katikati ya mchanga, wanafunzi wakinizunguka juu ya farasi, kila farasi akienda kwa hatua niliyoitaka mimi. Lakini kuja kunitazama nikijifunza nilimkataza.

"Papa, usikuye kwanza," nilimwambia. "Utakuya siku nitakuwa mwalimu."

Alicheka, akakubali.

Klabu ikatangaza kwamba nafasi ya ualimu atapewa atakayewashinda wenzake kwenye mashindano. Nilipewa jike la kahawia, jina lake Bijou. Programu yenyewe ilikuwa fupi: ingia, simama, msalimie jaji, geuka kushoto, piga duara, na kadhalika. Basi nikairudia asubuhi na jioni, ileile, kila siku ya Mungu. Papa Kalenga, mtunza farasi mzee aliyenifundisha kupanda, aliniambia nimpe mnyama nafasi ya kupumua, nimtembeze kule Annexe kwenye mashamba ya mahindi. Nikamwona ni mzee anayenichelewesha tu. Naona aibu kulisema.

Siku ikafika, tukaingia vizuri, tukasimama. Kabla sijamaliza kumsalimia jaji, Bijou akaondoka. Akageuka kushoto sijamwomba, akapiga duara sijamwomba, akaanza shoti mapema. Alifanya kila kitu sawasawa, ila yote kabla ya wakati wake, na mimi juu yake nilikuwa mzigo tu. Nikavuta hatamu kwa hasira, akarusha kichwa, watu wote wakaona. Nilikuwa wa mwisho.

Nilimrudisha zizini nikimtukana. Papa Kalenga akaninyang'anya hatamu.

"Bijou haiko na kosa," alisema. "Ulimufundisha njia, haukumufundisha kukusikia. Na weye unamusikiaka saa ngapi? Kila siku uko mbele, uko mbele. Unakimbia nini, mutoto?"

Kesho yake nikaanza upya, kutembea tu, hatua kwa hatua, nikimsikiliza. Ilipita miaka miwili mpaka klabu wakanipa ile nafasi. Baba tulikuwa tumeshamzika. Hakuwahi kuniona juu ya farasi hata mara moja, na aliyemzuia ni mimi mwenyewe. Hilo linaniuma kuliko kushindwa, mwanangu, na ndilo linaloninyima utulivu mpaka leo.

Sasa shika haya. Najua mashindano ya Jumamosi unayataka sana, lakini acha kuirudia programu. Wiki hii mwombe farasi wako jambo dogo, ungoje akujibu, kisha umshukuru. Akikosea, jiulize kwanza wewe ulimwambia nini. Na nimesikia kwamba mama yako, aliyeko Mokambo kwa biashara yake, umemwambia asije mpaka ushinde. Mpigie simu leo hii. Aje akuone unavyokosea, unavyofokewa na mimi, unavyoanguka na kujipangusa mchanga.

Mungu akutulize mikono na moyo. Akulinde juu ya tandiko. Na mama yako ampe njia njema, afike akukute bado unajifunza.