Ugali Kwenye Tangi la Samaki wa Bosi

Ile miaka ya wakimbizi, maji ya tangi la samaki wa bosi wetu hapa Kigoma yaligeuka kijani. Nikiyabadilisha, yanarudi vilevile. Nikamshuku Nestori, mfagizi aliyetoka Burundi, ingawa kwa haki sikuwahi kumwona akitia kitu. Nikamsemea kwa bosi. Bosi akatuita penye tangi mchana, sahani yangu bado mkononi.

"Nestori, leo nakufukuza. Unawatilia nini samaki wangu?"

"Mzee, mimi samaki hao hata kuwatazama naogopa!"

"Mwongo," nikasema, huku vidole vyangu vikimega ugali na kuudondosha tangini, kama nilivyozoea kila mchana kwa kuwahurumia.

Bosi akainama, akaona matonge yaliyooza chini.

"Kumbe ni wewe!"

"Waongeze, dada," akasema Nestori, "hawajashiba."