Binti wa Mwenzangu wa Rika

Kwetu Bonde la Ufa, kabla hujamwambia msichana kwamba unampenda, unamwuliza ukoo wake. Mimi nilimwuliza hata kabla ya jina. Wake ukawa wa nyuki na wangu wa simba, hakuna kizuizi, nikamshukuru Mungu palepale kwenye ua wa kanisa, Ruwi, ambako kila Ijumaa sisi Wakenya wa Maskati hujifanya tuko nyumbani.

Nilikuwa fundi wa magari Darsait. Yeye alifanya kazi za ndani Al Khoudh, kwa bibi mmoja Mwomani aliyezaliwa Unguja, ambaye alinipenda kuliko nilivyostahili na alikuwa ameshaanza kuuliza harusi ni lini.

Tulichosahau kuulizana ni rika. Wavulana wanaopita jandoni ndani ya kipindi kimoja cha miaka kumi na kitu huwa rika moja, ndugu mpaka kaburini, na binti wa mwenzako wa rika ni binti yako. Huwezi kumwoa. Mafunzo ya jandoni hayasemwi ovyo, lakini hili hata kuku wa kwetu wanalijua. Ila nilikuwa nimemwona baba yake kwenye picha, mzee mwenye mvi, nikamweka na rika la wajomba zangu. Kumbe yeye aliingia rika lilipofunguliwa, mimi likiwa linafungwa. Tena niliingia kwa kulia, nikimsumbua baba anipeleke na binamu zangu wakubwa wasije wakanicheka. Ningengoja msimu mmoja tu, leo ningekuwa mume wa mtu.

Nilimpigia mzee simu kumwomba binti yake, naye binti amekaa kando yangu, anasikia yote. Kabla sijafika kwenye shida yangu mzee aliuliza kwetu ni wapi, ukoo gani, kisha rika. Nilipomtajia, alicheka kwa furaha mpaka nikamsikia akimwita mkewe aje.

“Bakule,” akaniita, kama tunavyoitana watu wa rika moja. “Nimekuwa nikikosa usingizi kwa ajili ya huyo mtoto huko Uarabuni. Kumbe ana baba.”

Nilimshukuru, nikakata simu. Nilichompigia sikukisema, na sitakisema.

Bibi wa Al Khoudh alipoelezwa alikasirika kweli. Aliniuliza kama tuna damu moja. Hapana. Tumenyonya ziwa moja? Hapana.

“Basi nna miaka sabini,” akasema, “na sijapata kuona harusi ikivunjwa na kisu cha ngariba.”

Wapo waliovunja mwiko huo, wanaishi Eldoret na wanakula kama watu wengine. Lakini hakuna mwenzao wa rika anayekanyaga kwao, na mimi wale niliolala nao kwenye kibanda cha jando kule msituni ndio ndugu pekee nilionao. Nilimpenda yule msichana. Bado nampenda, na haisaidii kitu.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kanisani nimeshaamua: nitamwambia tuoane hukuhuku, tusirudi nyumbani kamwe. Wao wote na wakasirike. Nilimkuta langoni ananingoja. Alisimama mbali kidogo kuliko kawaida yake, macho chini, mikono ameikunja mbele.

“Habari ya asubuhi, baba,” akasema.

Nikamjibu, “Nzuri, mwanangu.”