Sauti ya Mama Saturnina

Primitiva Colque alikuwa akiuza supu ya karanga sokoni kwetu, huku juu milimani, mjini Potosí, kabla redio haijamchukua. Watu wa redio walimpenda kwa sauti yake nzito na Kikechua chake, lugha yetu ya milimani, kisicho na Kihispania hata tone. Akaigiza Mama Saturnina, mkunga anayewahimiza wajawazito wakajifungulie hospitali. Mchezo huo wa redio uliandikwa mbali, jijini La Paz. Jioni tulimsikiliza sote, na njiani wanaume walimwita Saturnina naye akaitika.

Wanawake wakaenda hospitali kweli. Wifi yake Fortunata alirudi na mtoto mzima, lakini hakumsalimu. Primitiva akamfuata jikoni.

"Wifi, mbona umeninunia?"

"Muulize Saturnina wako! Walinivua nguo zote kwenye baridi ile, wakanilaza chali kama kondoo wa kuchinjwa. Naomba nichuchumae, nesi ananiambia hapa siyo zizini. Kondo la nyuma wakalitupa kwenye ndoo ya takataka. Kaka yako alitaka akalizike nyumbani, wakamcheka."

"Mimi sikujua, wifi."

"Hukujua, na kila jioni unaongea!"

Primitiva akamwendea Iturralde, msimamizi wa mchezo. Akaomba Saturnina naye agombane na manesi redioni, adai blanketi, adai kondo lirudishwe kwa wenyewe.

"Mama, sisi tunabadili tabia za wananchi," Iturralde akamjibu. "Za hospitali hazituhusu."

"Basi tafuta mwingine wa kukusemea."

"Wapo wengi tu."

Akarudi kwenye supu yake, na hasira ikamfungua mdomo. Kila aliyeketi kula alisimuliwa yaliyompata Fortunata. Dominga, jirani yetu mwenye mimba kubwa, alisikiliza mpaka bakuli likapoa. Akaapa hakuna mtu atakayemvua nguo yeye.

Akajifungulia nyumbani. Damu ikakataa kukata. Gari lilipopatikana, alikuwa ameshakufa.

Primitiva alikwenda msibani na sufuria ya supu. Mama wa marehemu aliipokea, akaimwaga pale pale mlangoni.

"Redioni ulimwambia aende, sokoni ukamwambia asiende. Ulitaka mwanangu afie wapi?"

Tulikuwepo wengi, na hakuna aliyemtetea, hata mimi. Fortunata aliinamia mtoto wake, akajifanya anamnyonyesha.

Primitiva aliokota sufuria tupu akaondoka. Hakupika tena sokoni. Alihamia kwa binti yake, mjini Oruro. Mwaka huo huo Iturralde alipewa tuzo ya mchezo bora wa afya, na picha yake ikabandikwa kwenye mlango wa hospitali.