Mkono Uliokumbuka Rede

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa wenzangu wanaisimulia kwa kutia chumvi, bora mnisikie mimi. Nilimpiga binti wa watu kwa mpira mgongoni, mchana kweupe, halafu nikashangilia.

Chanzo ni jibu moja tu. Nilikuwa nimejiunga na timu ya softiboli ya wasichana wa chuo chetu hapa Brussels, na kapteni, Clarisse, mzaliwa wa Lubumbashi, alipenda ninavyoupiga mpira kwa gongo (kupiga najua, jamani, sijisifu). Shida ni kwamba mchezo wenyewe ni wa zamu, mkimaliza kupiga na kukimbia vituoni hadi kile cha nyumbani mpate pointi, mnavaa glavu mnakwenda kulinda, na Clarisse hataki mtu wa upande mmoja. Akaniuliza kama najua kulinda. Mimi nilishakaa miezi minne bila rafiki mpaka nilipoipata timu hiyo, nikaogopa kuachwa, nikamjibu bila haya kwamba nimelinda tangu utotoni. Nilichocheza utotoni ni rede, kule Morogoro: mmoja anakaa katikati, wawili wanamrushia mpira wa soksi, ukimgusa tu ametoka.

Basi Jumamosi ya mechi, Anderlecht, nikapiga vizuri mpaka nikaanza kutembea kwa maringo, tukafika raundi ya mwisho tunaongoza kwa pointi moja, wapinzani wana wakimbiaji wawili vituoni, tukimtoa mmoja tu tumeshinda. Mpira ukapigwa, ukaviringika hadi kwangu, nikaudaka (nilijishangaa), na Clarisse yuko kituo cha kwanza amenyoosha glavu ananiita, kazi yangu ni kumtupia, mpira umfikie kabla ya mpigaji, mpigaji atoke, basi. Lakini mbele yangu akapita mkimbiaji mmoja, mgongo wote wazi, na mkono ukaikumbuka rede kabla kichwa hakijasema kitu. Nikamtwanga katikati ya mabega. Nikarukaruka nikisema ametoka, ametoka, nikashangaa mbona nashangilia peke yangu. Kumbe mpira umedunda umeishia uzioni, na wakimbiaji wote wawili wamefika nyumbani. Tumefungwa.

Na yule niliyempiga, alipokwisha kufika nyumbani, alikuwa amechuchumaa palepale, kajiinamia. Nilimkimbilia huku nalia, naomba radhi kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, nikijua nimemvunja mtoto wa watu mgongo. Akainua uso, kumbe anacheka mpaka machozi yanamtoka, na mimi nikakaa chini palepale kwenye nyasi kwa jinsi nilivyofarijika.

Clarisse hakucheka. Alikuja polepole, amevua glavu.

"Donc, tangu utoto ulikuwa unapiga bantu?" Bantu, kwao, ni watu.

Nikamweleza rede yote, na kwamba nilimdanganya kwa kuogopa kubaki peke yangu. Nilishaanza kuivua kofia ya timu nimkabidhi.

"Vaa kofia," akasema. "Mukono yako iko bien, balle ilienda directement. Kichwa njo tutafundisha." Yaani kichwa ndicho watakachokifundisha.

Tangu siku hiyo nafanya mazoezi ya kulinda mara mbili ya wengine, na nimeapa kwamba nisichokijua nitasema sikijui, hata kama sauti itatetemeka. Juzi Clarisse kaniuliza, mbele ya timu nzima, kama najua kucheza nafasi ya mrushaji. Nikasema sijui kabisa. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akitabasamu.