Viza ya Siku Tisini Kwa Mama

Mama yangu hakujua kwamba mimi si Mtanzania tena. Nilimficha miaka minne, kwa woga tu, sina utetezi mwingine. Huko ninakofanya kazi ya uuguzi nilichoka kuomba viza kila nikitaka kuvuka mpaka, nikachukua pasipoti yao. Raha yake siwezi kuikana: uwanja wa ndege napita mtu akiwa bado anavua mkanda. Lakini sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ule wa kuzaliwa ukaniponyoka.

Likizo hii, siku ya pili tu baada ya kufika Newala, mama akasema twende kwa mtendaji wa kata yetu ya Makote. Alitaka kuniandikisha shamba lake la mikorosho, ukiwemo mmoja alioupanda mwaka alionizaa. Kwetu Wamakonde ukoo unafuata mama, na mimi ndiye binti yake wa kwanza. Nikasema kichwa kinaniuma. Akanipa vidonge, akaita bodaboda mbili.

Mtendaji, kijana mpole, alimwamkia shikamoo, akaanza kujaza fomu. Akafika kwenye uraia.

"Mmakonde," mama akanijibia.

"Mama, naulizia nchi."

"Basi andika Makote. Kazaliwa hapa hapa, hata mkunga namjua."

Ikabidi niseme. Nikaitoa pasipoti, nikaiweka mezani. Mtendaji akaipekua, akaiona viza, akanitazama kwa upole uleule.

"Karibu sana Tanzania," akasema.

Nusura nimzabe kibao. Akaeleza taratibu kwamba asiye raia hamilikishwi ardhi. Mama akambishia. Yeye ana shamba Newala na lingine bondeni kule Masasi, na hakuna aliyewahi kumwambia achague moja. Nchi zina nini hata zisikae mbili kwa mtu mmoja?

"Ndiyo sheria, mama."

"Sheria," mama akarudia, kama mtu aliyeonja mchuzi uliochacha. Kisha akamwambia aandike jina la mdogo wangu.

Niliumia. Korosho zenyewe wala sikuzihitaji, ila nilivyoona kalamu ikiandika jina lingine, nilijua nimefutwa. Njia nzima nililia nyuma ya bodaboda, dereva akidhani ni vumbi. Nyumbani mama alinipakulia chakula kwenye sahani za wageni.

Kesho yake alfajiri akanigongea mlango.

"Hiyo viza yako ya siku ngapi?"

"Tisini, mama."

"Na umefika lini?"

"Juzi."

Akahesabu kwa vidole, bila haraka.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema, na jembe akaniwekea miguuni. "Zimebaki themanini na nane. Anza kupalilia ule mkorosho wako."